Usingoje robe (gauni) mpya ndio uende kwa Mwokozi

Mimi ni mshonaji, niko na mashini yangu huku Kadutu, Bukavu, mashariki ya Kongo, na mtu yeyote wa kazi hii atakuambia Desemba ndio mwezi wetu. Toka Novemba vitenge vinaanza kulundikana juu ya meza, kila mama anataka ya kwake iishe kabla ya tarehe 24, huyu anataka mabega ya kupanda juu vile aliona ku WhatsApp, yule ameleta kitenge cha watoto wanne na watoto ni sita na anataka nikipanue sijui kwa maombi, umeme unakatika, unarudi saa nane za usiku, unaamka unashona. Kwa hiyo mtu asiniambie naandika haya ju nachukia nguo za Noeli. Nguo za Noeli ndizo zinanilipia minerval (karo ya shule) ya watoto wangu, na Bonane (mwaka mpya) ikikaribia nafurahi kabisa.

Lakini kuna neno nalisikia kila mwaka hapa kwenye mashini, na mwaka huu nimelisikia zaidi ya miaka mingine. Mama anapita, anasalimia, anaangalia vitenge vya wenzake, unamuuliza, "Mama, na weye Noeli utavaa nini?" anacheka kidogo anasema, "Aa mama, mwaka huu tutabakia tu ku nyumba. Sina kitu ya kuvalisha batoto, ntafika ku kanisa namna gani?" Na anasema hivyo kama jambo la kawaida, kama vile mtu anakuambia mvua imenyesha. Tena sio wapagani hao, ni wamama wa korali, wamama wa shirika, watu wanaomba kila Jumatano. Tangu vita vifike mjini Februari 2025 benki zikafungwa, pesa imekauka, biashara imelala, basi wanaosema hivyo wamekuwa wengi.

Sasa mimi najiuliza, na nataka na weye ujiulize kabla ya kutafuta pesa ya kukopa: huyo tunayesema amezaliwa, amezaliwa kutuokoa na nini hasa, mpaka mtu akose kwenda kwake ju ya robe?

Fungua Luka 2. Hiyo habari tumeisikia mpaka masikio yamezoea, lakini isome polepole kama barua imekuja jana. Wa kwanza kuambiwa habari ya Noeli ni wachungaji, wako nje usiku, wanalinda kundi. Watu wa kulala na kondoo, unajua wananukia nini. Malaika anawaambia, "Leo katika mji wa Daudi amezaliwa kwa ajili yenu Mwokozi, ndiye Kristo Bwana." Kwa ajili YENU. Hasemi kwa ajili ya watu wa hekalu, hasemi mkaoge mbadilishe nguo ndio mwende. Na wenyewe hawakupitia nyumbani, Biblia inasema walienda kwa haraka wakamkuta Mariamu na Yusufu na mtoto amelala horini. Waliingia vile walivyokuwa, na nguo za kazi.

Halafu angalia ishara waliyopewa, hii mimi kama mshonaji hainipiti: "mtamkuta mtoto mchanga amevikwa nguo za kitoto, amelala katika hori ya kulia ng'ombe." Hizo nguo za kitoto zilikuwa vitambaa tu vya kumzungushia mtoto, vipande virefu vya kumfunga asisikie baridi, ndivyo walivyokuwa wanafanya kule. Hakuna mshono pale, hakuna kola, hakuna zipu. Nguo ya kwanza ya Noeli haikushonwa na mtu, samahani kwa wenzangu wa kazi.

Kwa hiyo ushauri wa kwanza nautoa kwa sauti kubwa: kama una pesa ya kitenge, leta nikushonee, tena leta mapema. Kama huna, toa kile ulichonacho kwenye sanduku, fua, piga pasi, nenda. Kukopa kwa riba ju ya siku moja, halafu Januari unakimbia mdai na mtoto anafukuzwa shuleni, hiyo siiti kumheshimu Yesu. Kama mko na likelemba yenu, ule mchango wa kupokezana pesa kwa zamu, na zamu yako imeangukia Desemba, sawa, ni mali yako, lakini ondoa kwanza ya shule ndio uangalie zingine. Ndio, nasema hivyo na najua napoteza wateja.

Tuendelee. Hilo swali la kuokolewa na nini, ukiliuliza hapa Bukavu utapewa majibu ya kila aina.

Kuna wale kwao wokovu ni kukombolewa na hali ya nchi. Mimi siwacheki hawa hata kidogo, ju mji wetu umeona mambo. Mwaka 1996 waliingia watu ambao hata jina la muungano wao lilikuwa na neno ukombozi ndani. Mwaka 1998 vita vingine. Mwaka 2004 mji ukachukuliwa tena. Mwaka 2025 tena. Siandiki siasa hapa, mimi nashona nguo, lakini mtoto aliyezaliwa huku amesikia sana watu wakijitangaza kwamba wamekuja kumtoa taabani, na taabu bado iko.

Sasa jambo ambalo wengi hatulioni: Luka anaanza habari ya Noeli na mtawala. "Amri ilitoka kwa Kaisari Augusto ya kwamba iandikwe orodha ya majina ya watu wote wa ulimwengu." Yule Augusto kwa wakati wake alikuwa anaitwa mwokozi wazi wazi. Liko jiwe la maandishi la mji wa Priene, huko Uturuki ya leo, la mwaka wa 9 kabla ya Kristo, linamtaja kama mwokozi aliyeletwa kumaliza vita, linasema siku yake ya kuzaliwa ilikuwa mwanzo wa habari njema kwa ulimwengu. Mnasikia maneno hayo? Mwokozi, kuzaliwa, habari njema. Halafu Luka anakuja anatuambia, chini ya utawala wa bwana huyohuyo, amezaliwa Mwokozi mwingine, huko Bethlehemu, mtoto wa watu waliokosa nafasi katika nyumba ya wageni. Ukisoma hivyo unaona Noeli sio hadithi ya kubembelezea watoto. Ni kutuambia tuangalie vizuri tunamwita nani mwokozi.

Na huyu mtoto hakumtoa Augusto madarakani. Herode alibaki na kiti chake, tena akaua watoto wa Bethlehemu, na Yusufu akatoroka usiku na mama na mtoto mpaka Misri. Yesu alikuwa deplase, mtu aliyekimbia kwao, kabla hajajua kusema. Nawaambia ndugu zangu mliokimbia Minova, Kalehe, mliokaa kwa familia za watu au kwenye shule, hiyo sura ya pili ya Mathayo ni yenu, isomeni.

Basi alikuja kuokoa na nini? Malaika alimwambia Yusufu bila kuzunguka, Mathayo 1:21: "yeye ndiye atakayewaokoa watu wake na dhambi zao." Dhambi ZAO. Hapo ndipo wengi tunakasirika kidogo, ju tulitaka aseme na dhambi za Warumi, na dhambi za wale waliotuibia, na dhambi za mama mukwe. Lakini anaanza na mimi. Chuki yangu, uongo wangu, kitenge cha mteja kilichobakia na nikajifanya kimeisha (washonaji mnajielewa!), maneno tunayotupia watu wa kabila lingine tukiwa sisi wenyewe tu jikoni. Nikifikiri vizuri, hiyo vita yenyewe imetoka wapi kama sio kwenye tamaa na chuki za watu? Ukibadilisha mtawala na moyo umebakia uleule, huyo mpya anakuja na mikono mirefu vilevile. Ndio maana naamini Mungu alianza mahali pagumu zaidi. Ni maoni yangu, lakini nayashikilia.

Ila usinielewe vibaya ukasema aa, huyu mama anasema wokovu ni wa roho tu, tufe njaa tukiimba. Hapana. Soma Zakayo, Luka 19. Yesu anaingia kwake, watu wananung'unika, Zakayo anasimama anasema nusu ya mali yake anawapa maskini, na aliyemnyang'anya kitu kwa hila anamrudishia mara nne. Hapo ndipo Yesu anasema, "Leo wokovu umefika nyumbani humu." Wokovu ulifika mpaka kwenye pesa, mpaka kwa majirani waliodhulumiwa. Ukiona mtu anasema ameokoka na bado anadhulumu mjane kiwanja, kuna kitu hakijafika.

Na Bukavu tulikuwa na mchungaji aliyeelewa hivyo, Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa. Aliuawa tarehe 29 Oktoba 1996 hapa mjini, alibakia na watu wakati wengi walikuwa wanatoroka, na alikuwa anasema wazi juu ya wakimbizi na juu ya raia. Koko wangu, yaani babu/bibi yangu, alikuwa anarudilia neno lake moja, kwamba kuna vitu vinavyoonekana tu kwa macho yaliyolia. Mimi sio Mkatoliki tena lakini mtu huyo namheshimu mpaka leo.

Na ju nimegusa hilo niseme. Nyumba yetu ni mchanganyiko, baba yangu Mkatoliki wa rozari kila jioni, bwana yangu ni wa kanisa la kipentekoste, na kila Desemba mabishano hayakosi. Bwana ataanza: tarehe 25 haiko ndani ya Biblia! Ni kweli, haiko. Roma walikuwa tayari wanaiadhimisha tarehe hiyo katika karne ya 4, Waorthodoksi wa Ethiopia wanafanya tarehe 7 Januari, na hapahapa kwetu Kongo ndugu zetu Wakimbanguiste, watu wa kanisa la Simon Kimbangu, Noeli yao ni tarehe 25 Mei. Kwangu hilo halistahili kuharibia watu chakula. Alizaliwa au hakuzaliwa? Alizaliwa. Basi mniwekee wali.

Kuna kitu lakini nilikipenda kwa Wakatoliki tangu mtoto. Wanapokiri imani, ile ya mtaguso wa Nisea wa mwaka 325 iliyokamilishwa 381, wanafika pale wanaposema alishuka kutoka mbinguni kwa ajili yetu sisi wanadamu na kwa ajili ya wokovu wetu, akawa mwanadamu. Siku zingine wanainamisha kichwa. Siku ya Noeli wanapiga magoti wote, baba, mama, mtoto, tajiri na viatu vyake vya kung'aa, chini. Wapentekoste wenzangu mnisamehe, hapo wametushinda.

Sasa twende kwa kundi lingine, hili ndilo langu nalijua ndani. Kwetu ukiuliza "uliokoka?" mara nyingi unauliza: uliacha bia? Uliacha kuvaa suruali? Uliacha kuweka meshi ku nywele? Mtu anajibu ndio au hapana kulingana na orodha. Na wale ambao orodha inawashinda wanakaa mbali, wanasema "ntaokoka mwaka kesho, nijipange kwanza, niache hiki, nimalize kile". Nimewasikia wengi hapa kwenye mashini, ju wateja wanaongea sana wakati unawapima. Nawajibu hivi: mama, hakuna mteja anayepunguza tumbo kwanza ndio aje nimpime. Unakuja na tumbo lako, ndio kazi inaanza.

Na sio maneno yangu. Barua ya Tito, ambayo makanisa mengi yanaisoma siku ya Noeli, inasema alituokoa "si kwa sababu ya matendo ya haki tuliyoyatenda sisi, bali kwa rehema yake." Waefeso 2 inasema mmeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, ni kipawa cha Mungu, mtu asije akajisifu. Kipawa ni zawadi. Ukinilipa haiwi zawadi tena, inakuwa biashara. Kubadilika kunakuja, tena kunakuja kweli, Zakayo yuko hapo, lakini kunakuja nyuma. Yesu aliingia kwa Zakayo KABLA hajarudisha hata senti. Ukipindua mpangilio huo unazaa watu wawili: mmoja anajisifu na mwingine anakata tamaa, na wote wawili wamekaa mbali na Mungu.

Kwa hiyo wale wanaokuja wakati huu na unabii wa Noeli, toa sadaka fulani ya mbegu mwaka usifunge bila muujiza wako, tuma kwa namba hii... Mimi nasema waziwazi: mtu akikuwekea bei kwenye wokovu, chukua mkoba wako utoke. Wachungaji wa Bethlehemu hawakulipa kiingilio.

Ukitaka kujua mtu anaokolewaje, sina fomula kubwa. Ongea na Mungu kwa Kiswahili chako, hata kwa Mashi, lugha yetu ya Bashi, anasikia. Mwambie ukweli wa maisha yako bila kupamba, omba msamaha, mwambie unamwamini huyu Yesu aliyezaliwa, aliyekufa na kufufuka kwa ajili yako. Maana Noeli peke yake haitoshi, yule mtoto alikua akaenda msalabani, ukiishia horini umebakia na nusu ya habari. Halafu tafuta kanisa linalofundisha Biblia, jifunze, ubatizwe kama hujabatizwa. Hakuna randevu, hakuna karatasi ya kujaza. Na kama unarudi baada ya muda mrefu, kaa nyuma kama unaona haya, lakini kaa.

Nyumbani kwetu sasa tunafanya hivi, mkitaka mchukue. Tarehe 24 jioni, ju misa na ibada za usiku siku hizi zinaanza mapema kwa sababu ya usalama, tukirudi tunasoma Luka 2 kabla ya sahani kuwekwa. Anasoma mtoto, sio bwana. Mtoto akisoma anauliza maswali, na maswali ya mtoto yanakutoa jasho kuliko ya pasta. Wangu wa katikati aliuliza kwa nini Mungu hakumpa Yesu nyumba wakati ana uwezo. Baba yake akabakia anatazama dari.

Jambo lingine, kabla ya Noeli kila mtu mzima anamtafuta mtu mmoja waliyegombana. Simu tu, hata mesaji ya sauti. Hii ndiyo ngumu kuliko kushona koti! Yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, na mimi tulikaa muda mrefu bila kusemezana ju ya mambo ya urithi, na nilipompigia hakuwa mtamu hata kidogo, alinijibu "unataka nini?". Nikamwambia sitaki kitu, nataka kukutakia Noeli njema na nakuomba tusahau ile maneno. Alikata. Bonane akatuma sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu. Kwetu kutuma sambaza ni kusema mengi.

Na nyumba zenye kilio. Mwaka huu ziko nyingi, usiingie huko na "furahini katika Bwana" kama unapiga ngoma. Ndani ya habari ya Noeli yenyewe kuna mama analia, Raheli anawalilia watoto wake, asikubali kufarijiwa, Mathayo 2:18, na Wakatoliki wana siku yao ya tarehe 28 Desemba kwa ajili ya wale watoto waliouawa. Kwa hiyo mtu aliyefiwa akilia siku ya Noeli hajaharibu sikukuu. Mpelekee bugali na sombe (majani ya mihogo), kaa naye, ukiwa na la kusema mwambie kwamba yule aliyezaliwa alikuja mpaka chini kabisa kwenye hii hali yetu, hakutuokolea kwa mbali. Ukiwa huna la kusema, osha vyombo.

Mwisho kuna wamama wananiuliza juu ya bwana ambaye hataki kanisa, Noeli anabakia nyumbani na chupa zake na marafiki. Usimfungie chakula, wala usimpigie mahubiri kutoka mlangoni na kanga kiunoni mpaka jirani wajue. Mpe sahani yake ikiwa ya moto. Mwambie mnaenda saa ngapi na mtarudi saa ngapi, na kwamba nafasi iko hata kama atakuja na kandambili. Akikataa, nendeni, msichelewe ju yake, mkirudi mtoto asome Luka 2 kwa sauti hapohapo sebuleni wakati naye ameketi, asiambiwe ni kwa ajili yake. Akiuliza swali, mjibu swali alilouliza tu, usimwongezee mengine kumi.